Msuko wa Mabibi wa Nje

Kambi ya wachimbaji, karibu na Charleroi
8 Februari 1953

Mke wangu Crocifissa, Fifa wangu,

Barua yako imenikuta natoka shimoni, uso bado mweusi kwa makaa, nikaisoma kabla ya kunawa. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikanawa, nikasoma tena. Yaani mmefunga safari mpaka mjini, mkapanga foleni, daktari wa wasafiri akakupima wewe akakukuta buheri wa afya, mtoto mapafu safi, macho safi, halafu akawarudisha nyumbani kwa sababu ya NYWELE?

Ati lile fundo linaloning'inia nyuma ya sikio la Landu ni kichaka cha chawa, na muhuri wa safari hapigi mpaka likatwe. Sasa kosa la daktari liko wapi? Mtoto ana miaka mitatu na upande ule haujawahi kuonja kitana.

Najua mama atasema nini. Atasema Mabibi wa Nje, hao pepo wake wa usiku, waliingia Alhamisi kwa tundu la ufunguo, wakampenda mtoto, wakamsuka kwa mikono yao, na atakayeukata msuko wao atamletea mtoto balaa. Mwambie huku Ubelgiji taa tunaiwasha kwa kidole, na hakuna Bibi aliyewahi kutuuliza kitu.

Nisikilize vizuri. Karani wa mgodi amenionyesha nyumba. Ya matofali, vyumba viwili, ua wa kupanda viazi. Anapewa mwenye familia tu, na familia iwe imeshafika. Mimi hapa nalala kwenye kibanda cha bati na wanaume wanaokoroma na kuota kwa sauti. Nimechoka kulala na wanaume, Fifa.

Mkasi uko kwenye droo, chini ya sanamu ya Mtakatifu Barbara. Kata, rudi kwa daktari, panda treni. Ni kazi ndogo mno.

Mumeo,
Liborio


Pietrafosca, Sicilia
22 Februari 1953

Liborio,

Ahsante kwa kunielekeza mkasi ulipo. Nimeishi nyumba hii tangu uliponioa, kumbe droo nilikuwa siijui.

Haumo. Tuliporudi kutoka kwa daktari mama yako aliuchukua, na nadhani anaulalia. Nimekwenda kuazima kwa majirani. Mtaa mzima ghafla hauna mkasi. Wa huyu umevunjika, wa yule umepotea, na mke wa fundi nguo, fundi nguo Liborio, akanitazama usoni akasema wao hawatumii. Don Saverio kinyozi, mtu anayenyoa mpaka maiti, aliponiona naingia na mtoto alifunga mlango akiwa na mteja ndani mwenye povu shavuni.

Usiniulize kwa nini sikuchukua kisu. Nilikichukua kile cha mkate. Mama yako akapiga magoti mbele ya mtoto, akainua kidevu, akaniambia, "Anzia hapa." Haya niambie, nimchinje mama yako? Andika tu, nitalifikiria.

Wewe huko unawasha taa kwa kidole. Mimi huku kila Alhamisi nafagia pembe zote, naweka maji safi na kitambaa cheupe mezani, sigombi, sipazi sauti, siachi hata kijiko kichafu, kwa sababu ati Mabibi wakikuta uchafu wanaondoka na baraka za nyumba. Sijawahi kuwaona hao Mabibi. Ninachojua ni kwamba wana mtumishi, na huyo mtumishi ni mimi.

Na unga wa jirani ukikataa kuumuka, mimi ndiye ninayetazamwa. "Huyo ndiye anayetaka kukata." Kisimani wananipisha.

Unadhani mimi sitaki kuja? Nimeshazifunga nguo kwenye kifurushi. Nimezifungua nikazivaa, nikazifua, nikazifunga tena. Mwandikie mama yako wewe mwenyewe. Mimi maneno yameniishia.

Crocifissa


Pietrafosca
29 Machi 1953

Mwanangu Liborio,

Anayeandika ni Ninfa, binti wa mtunza kanisa. Mimi nasema, yeye anafuata, na nimemwambia asinipambe.

Barua yako mkeo alinisomea. Alipofika kwenye neno "upuuzi" akapaza sauti makusudi. Na ilikuwa Alhamisi! Umewatukana wenye nyumba ndani ya nyumba yao, siku yao, kwa mdomo wa mkeo. Nimelazimika kufukiza uvumba na kunyunyiza asali na divai pembe zote, mimi na magoti yangu haya.

Nani alikuambia hao ni wa kuchezewa? Umesahau mwanao alivyozaliwa? Alitoka wa buluu, hakulia. Mkunga alishamfunika uso. Mkeo alikuwa hajitambui. Kulipokucha tukamkuta ananyonya kidole, na zile nywele zake nyingi alizotoka nazo tumboni zimesukwa nyuma ya sikio, msuko mdogo, mzuri kuliko wa bibi harusi. Nani alisuka? Daktari wa mjini? Yeye anajua chawa, basi.

Muulize Vanni Shingo-Upande yaliyompata baada ya kukatwa msuko wake. Mkeo anabisha, ati Vanni alianguka kutoka kwa nyumbu. Haya, na nyumbu alishtuliwa na nani?

Mkeo simzuii. Akitaka aje kesho, nitamfungia mkate na zeituni za njiani. Mtoto abaki, mpaka msuko utakapoanguka wenyewe kwa ridhaa yao walioufunga.

Na kama umekuwa mwanaume kuliko baba yako, Mungu amrehemu, basi njoo Agosti ukate kwa mkono wako. Mkasi nitakupa mimi mwenyewe, tena mbele za watu. Tuone.

Mama yako,
Bastiana


Pietrafosca
30 Agosti 1953

Liborio,

Treni yako pengine haijafika hata Roma na mimi nimeshakaa kuandika, maana nisipoandika nitavunja vyombo, na vyombo ni vyangu.

Ulikuja na koti jipya, saa ya mkononi, na mdomo. Mbele ya wajomba zako ukatangaza kwamba maandamano ya Bikira yakimalizika utamnyoa mwanao kama kondoo. Mama yako akakuletea mkasi kwenye sahani, kama alivyoahidi. Hakulia, usije ukasema alilia. Alisimama tu karibu na jiko. Mimi nilimpakata Landu, kichwa nimekishika sawasawa. Nilikuona ukiufungua ule mkasi.

Halafu ukasema ni butu.

Ukaupeleka kwa mhunzi, ukarudi jioni unanuka divai, bila mkasi. Kesho yake ikawa sikukuu nyingine. Ikaja Alhamisi, na wewe mwenyewe, bwana wa taa za kidole, ukasema "Alhamisi si vizuri kumchokoza mama." Ijumaa kichwa kinakuuma. Siku ya kuondoka unawahi basi. Ukambusu mtoto upande ule mwingine, Liborio. Nilikuona. Ulizunguka ukambusu upande usio na msuko.

Wajomba zako wanacheka mpaka leo. Mama yako hacheki, na hicho ndicho kinachoniua. Anapita tu jikoni na ushindi wake.

Na mkasi mpaka leo uko kwa mhunzi. Anasema hakuambiwa ni wa kazi gani, na sasa ameshajua hataki hata kuunoa.

Crocifissa


Kambi ya wachimbaji
20 Septemba 1953

Fifa,

Huna haki ya kunisema namna ile. Mtu amesafiri siku zote zile kwenye benchi la mbao, anafika nyumbani apumzike, anawekewa mkasi kwenye sahani kama kichwa cha Yohana Mbatizaji. Mkasi ULIKUWA butu. Kichwa KILIUMA. Na kumbusu nilimbusu ulipokuwa uso wake.

Hayo yamepita. Sasa kuna jipya. Amekuja Mkalabria mmoja, Mwitalia mwenzetu, ana mke na watoto, wote wameshafika, wamebanana kwenye chumba cha kupanga. Karani ananiambia, "Nyumba imekaa tupu mwaka mzima kwa ajili yako. Wenzako wananisengenya. Familia ikifika kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Barbara, ni yako. Isipofika, nampa Mkalabria." Sikukuu yetu wachimbaji ni tarehe nne Desemba. Nyingine sijui itapatikana lini, pengine isipatikane kabisa.

Kwa hiyo acha maneno. Kisu kipo, wembe wa marehemu baba upo juu ya kabati. Mama akienda kanisani, unakata. Wewe ndiye mama yake mtoto. Mwanamke mzima unashindwa na nywele!

Liborio


Pietrafosca
4 Oktoba 1953

Liborio,

Nimekata. Jumanne, mama yako akiwa kanisani, kwa wembe wa marehemu baba yako.

Nywele nimezitupa jikoni kwenye moto. Landu ana joto kidogo tangu jana lakini anakula.

Mwambie karani.

Crocifissa


Kambi ya wachimbaji
11 Oktoba 1953

Fifa, Fifa,

Umefanya nini? Kwenye moto? Nani alikuambia uchome?

Nijibu upesi, lipia stempu ya haraka. Hilo joto likoje? Limepanda? Shingo yake imenyooka? Macho yote mawili yanatazama mahali pamoja? Usinifiche kitu.

Fanya hivi. Zoa majivu yote, kila kilichobaki hata unywele mmoja, ufunge kwenye kitambaa cheupe kipya na kipande cha mkate, uweke juu ya kizingiti. Alhamisi ufagie vizuri, uwashe taa ya mafuta, useme kwa sauti kwamba ni mimi niliyeamuru, mimi Liborio, wewe ulitii tu. Taja jina langu. Kama wana hasira wanifuate huku. Mama naye awaombe, yeye wanamjua.

Sijashuka shimoni tangu barua yako ifike. Nimemwambia msimamizi naumwa.

Nilikuwa na dada, Fifa. Hukuambiwa kwa sababu nyumbani hatumtaji. Pidda. Alikuwa na msuko mrefu kuliko wa Landu. Shangazi yetu mtawa alikuja kututembelea, akasema ni aibu ya kipagani, akaukata Pidda akiwa amelala. Kabla ya mavuno hatukuwa tena na Pidda. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Niliamka nikajua kabla ya mama.

Najua utasema homa. Siku hizi na mimi nasema homa, mchana, nikiwa na watu. Lakini nilipoushika ule mkasi Agosti mkono ulikataa. Ulikataa, basi.

Nijibu.
Liborio


Pietrafosca
25 Oktoba 1953

Liborio,

Mtoto ni mzima. Hana joto, hakuwahi kuwa na joto. Msuko uko kichwani pake. Sikukata.

Nilikudanganya kwa sababu nilitaka kujua nani hasa ananizuia katika hii dunia. Nikadhani mama yako. Nikadhani daktari, kinyozi, mke wa fundi nguo. Kumbe miezi yote hii unanipigia kelele "kata, kata" huku ukiomba Mungu nisikate! Wembe wa baba, kisu cha mkate, mwanamke mzima unashindwa na nywele! Ulitaka mimi nikate ili lawama iwe yangu. Sivyo? Kanusha.

Barua yako ilipofika mama yako alikuwa anachagua maharage. Kwa kawaida nasoma yanayomhusu na kuruka mengine. Safari hii nilikuwa na hasira, nikamsomea mfululizo, neno kwa neno, ili ajue mwanawe shujaa amekuwa nani. Nikafika kwa Pidda kabla sijajua nilichokuwa nasoma. Nilitaka kunyamaza, akaniambia, "Malizia." Nikamalizia. Akainuka, akaenda kukoroga chungu kilichokuwa hakina kitu ndani.

Nakuhurumia. Nimelia, kama unataka kujua, kwa ajili ya huyo msichana na kwa ajili yako kitandani. Lakini Liborio, huruma haipandi treni. Mwanao atanijua mimi na bibi yake na picha ya mwanaume mwenye saa. Sijaolewa na bahasha mimi.

Ningekata leo, naapa. Ila baada ya barua yako ninapomtazama akilala, na mimi mkono unakataa. Umeniambukiza. Hongera.

Kwa hiyo sema wewe. Sema neno moja lililonyooka, na uwe umelikusudia.

Crocifissa


Kambi ya wachimbaji
8 Novemba 1953

Fifa,

Nimesoma. Huna kosa.

Usikate. Ndilo neno lililonyooka nililonalo. Wazee wanasema misuko mingine huanguka yenyewe mtoto akifika miaka saba. Tungoje. Nitakuja kila Agosti. Baada ya Mtakatifu Barbara nitamwambia karani ampe nyumba Mkalabria, ana watoto wadogo, watapata jua uani.

Unikasirikie tu. Mimi mwenyewe najikasirikia na sijui nifanye nini na hasira yenyewe. Nashuka nayo chini, napanda nayo.

Mwambie mama sikumtaja Pidda ili kumuumiza.

Liborio


Pietrafosca
29 Novemba 1953

Mwanangu,

Ninfa anaandika. Amelia kwanza, nimemwambia akimaliza ndio tuanze.

Barua hii ikifika, wao watakuwa wameshafika au wako njiani. Nenda kituoni kila treni. Mkeo ana kifurushi cha buluu na kikapu. Mtoto utamjua kwa kofia ya sufu. Usimvue hapo nje, kichwa kiko wazi na huko kwenu nasikia kuna ukungu.

Nimekata mimi.

Barua yako ya "usikate" ilipofika, mkeo alinisomea, safari hii polepole. Alipomaliza hakugomba. Angegomba ningelala vizuri. Alichukua kile kifurushi, akakifungua, akaanza kuzirudisha nguo kabatini moja moja, na akazikunja vizuri. Nikamtazama mpaka kabati lilipojaa. Nikajisemea, Bastiana, hawa hawatafungasha tena.

Nilikwenda kwa mhunzi mwenyewe. Nikamwambia nipe mkasi wangu na unoe mbele yangu. Akanoa.

Nilikata Alhamisi. Wengine wote mnakimbia Alhamisi, mimi nikasema kama ni kuongea na watu, ongea nao wakiwa nyumbani. Mkeo alikuwa kisimani. Nilifagia, nikaweka maji na kitambaa, nikampakata mtoto, nikawaambia: "Mabibi, mwangalieni anayekata. Baba yake hayupo, mama yake hayupo, mtoto hajui kitu. Ni mkono huu. Mmekula asali yangu tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Kwa Pidda sikuwauliza lolote, nilifagia tu. Leo ninawaomba jambo moja. Mkiwa na deni, mnidai mimi." Kisha nikakata. Haukuwa mgumu, mwanangu. Mkasi ulipita kama kwenye uzi wa kawaida. Landu akacheka, ati shingoni kuna baridi.

Mkeo aliporudi akaona, ndoo ikamtoka, maji yakafika mpaka mlangoni. Akakaa chini kwenye maji yale yale. Mimi nikangoja atukane. Akanishika mkono akaubusu, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya harusi, na hata siku ile alisukumwa na mama yake.

Daktari alipiga muhuri bila kuinua kichwa. Kazi yote ile, hakuinua hata kichwa.

Waliondoka Jumamosi. Mkeo alitaka niende nao. Nikamwambia nyumba haiachwi bila mtu, nani atawafungulia Alhamisi wakija na kukuta giza? Akasema kwa hasira, "Mama, wanaingia kwa tundu la ufunguo!" Nikacheka, na yeye akacheka, halafu basi likaja.

Sasa hili nalisema na mkeo usimwambie. Tangu Ijumaa mkono wa kulia umelegea. Kijiko kinanitoka, na vifungo Ninfa ndiye ananifunga. Ni baridi. Ninfa anauliza aandike kweli ni baridi. Nimemwambia andika ni baridi, Novemba haijawahi kuwa na huruma na mifupa yangu. Kushoto kuko salama na kufagia naweza.

Nimemtazama mtoto Ijumaa na Jumamosi mpaka mlangoni mwa basi. Shingo imenyooka. Macho yanatazama mahali pamoja. Na wewe mtazame, lakini usimtazame sana, ataogopa kama wewe.

Usinijibu kuhusu mkono, wala kuhusu dada yako. Kachukue ufunguo wa nyumba kwa karani. Halafu niandikie mtoto amekula nini.

Mama yako,
Bastiana